Majani Yanapumua Ndani ya Gunia

Kemunto,

Mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu cha majani chai, Mzee Nyakundi, amesema leo mchana kwamba majani ya nyanya yako hayatapimwa tena pale mpaka aje aombe msamaha mbele ya wakulima wote. Aliyasema hayo akiwa amesimama kando ya mizani, karani akisikia, na foleni nzima ikisikia. Nilimwomba arudie ili niwe na hakika. Akarudia neno kwa neno, kisha akaniuliza kama ninanasa sauti yake. Nikamwambia ndiyo, nanasa. Hakubadilisha chochote. Aliongeza tu kwamba "yule msichana na kioo chake" asionekane tena kituoni.

Nimeanza na hilo kwa sababu ukishafika chuoni Eldoret utapigiwa simu na watu watakaolitia chumvi, na nataka uwe nalo jinsi lilivyo.

Ni jioni, bado kuna mwanga wa kuandikia. Uko jikoni kwa nyanya yako na nawasikia mkicheka. Begi lako liko mlangoni. Ulilifunga mwenyewe, kwa hiyo sitakuambia habari ya blanketi, wala ya kula vizuri, wala ya marafiki wabaya. Hayo unayajua. Nataka kujibu maneno uliyoniambia jana tukitoka sokoni Ogembo, baada ya yule mama ambaye siku zote hununua ndizi za nyanya yako kusema ghafla kwamba ameshajaza kikapu chake. Ulisubiri tufike kwenye daraja, ukasema, "Mathe, mimi siendi. Nikienda watammaliza."

Sikukujibu. Nilikuwa bado sijui la kukujibu, na mimi sisemi nisilolijua. Leo nalijua. Utaenda kesho asubuhi, na huko kwenda kwako ni sehemu ya kumtetea.

Kwanza niyaandike yaliyotokea. Najua ulikuwepo. Lakini baada ya mwezi mmoja kila mtu kwenye kilima hiki atakumbuka kitu chake, wewe na mimi tukiwemo, na kazi yangu ya kuandika habari imenifundisha kuandika mapema, kabla kumbukumbu haijaanza kujipamba.

Ijumaa ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Watu walichuna kwa haraka, kwa sababu wengi wetu hapa ni Waadventista na kila mtu alitaka awe nyumbani kabla jua halijatua. Majani yalikuwa mengi na magunia yalikuwa machache. Kwamboka, jirani yetu wa chini, alipanda juu ya gunia lake akalikanyaga kwa miguu yote miwili, kama anayeshindilia udongo wa ukuta, ili majani ya magunia mawili yaingie katika moja. Wengine wakamwiga. Kisha dereva wa lori la kiwanda akampigia karani simu kwamba amekwama kwenye matope na hataweza kufika hadi Jumapili. Jua likatua. Sabato ikaingia. Magunia yakaachwa yamepangwa chini ya paa la kituo, yamefungwa kamba, na hakuna aliyeyagusa hadi siku ya pili yake jua lilipotua tena. Na hata lilipotua, nani angetoka usiku kwenda kuangalia majani?

Nyanya yako ni Mkatoliki. Lakini hilo silo lililomfanya arudi nyumbani na gunia lake. Alirudi nalo kwa sababu ng'ombe hakuwa na nyasi na gunia zima lilikuwa hilo moja. Aliyamwaga majani juu ya turubai sakafuni, akaenda kukata nyasi. Jumamosi nzima yalikuwa yakimzuia njia, akawa anayasukuma kwa ufagio huku na huku na kuyalaani.

Jumapili karani alifungua magunia ya kituoni. Ulikuwa umesimama nyuma yangu. Mvuke ulitoka. Majani yalikuwa mekundu, yananuka uchachu, na Kwamboka aliingiza mkono katika gunia lake akautoa haraka kama aliyegusa sufuria. Karani aliyakataa yote. Kisha nyanya yako akafika na yake, yamenyauka lakini ni ya kijani, na karani akayapima.

Maneno yaliyofuata ninayo kichwani.

"Mama, mbona yako hayakuungua?" Kwamboka aliuliza.

"Nilitaka gunia," nyanya yako akasema.

"Gunia la nini?"

"La nyasi za ng'ombe. Wewe ng'ombe wako anakula nini, magazeti?"

Watu walicheka. Kwamboka hakucheka. Alikuwa ametupa kazi ya siku nzima kwenye mtaro, na alikuwa amesimama mbele ya mama mzee aliyekuwa akimfanyia mzaha. Nataka umkumbuke Kwamboka hivyo. Si mwanamke mbaya. Aliona kitu kimoto ambacho hakuna aliyekiwasha, akataka kujua nani amekiwasha. Hilo ni swali la mtu mwenye akili. Kosa lake ni kwamba alilijibu kabla ya kulichunguza, na kufikia jioni jibu lake lilikuwa limefika mpaka barabara ya lami. Walisema kwamba mama mzee alirudi na majani yake kwa sababu alijua atakayoyafanyia ya wenzake. Neno *omorogi*, mchawi, lilitajwa. Lilitajwa kwa sauti ya chini, lakini lilitajwa.

Kesho yake Kwamboka alikuja nyumbani kwangu na wanawake wawili wa kanisani kwetu. Ulikuwa umeenda kuchota maji, kwa hiyo sehemu hii huijui. Waliketi vizuri, wakaomba, wakanywa chai. Kisha Kwamboka akasema, "Mama Kemunto, wewe ndiye uliyeolewa kwake. Umelala kwake, umekula kwake. Unajua. Wewe sema tu, hatutakutaja."

Unaelewa walichokuwa wakiomba? Hapa kwetu mama mzee akishukiwa, anayeulizwa ni mke wa mwanawe. Mkaza mwana akitikisa kichwa kukubali, hakuna anayedai ushahidi mwingine. Waliniletea kisu kwenye sahani, na leso ya kushikia mpini.

Haikuwa mara ya kwanza. Baba yako alipofariki, figo zake zilikuwa zimeshindwa, na daktari alinieleza ugonjwa huo kwa jina lake na jinsi ulivyoanza. Hata hivyo wakati wa matanga kulikuwa na waliokaa karibu nami wakasubiri nimtaje mamake. Sikumtaja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwakatalia watu jambo hili moja, na mazoezi ninayo.

"Kwamboka," nilimwambia, "mama mkwe wangu hunikasirisha kila wiki. Anatia chumvi nyingi. Anaingia bila kubisha. Tangu niolewe hajaniambia asante hata siku moja. Hayo ndiyo ninayoyajua. Nendeni mkayatangaze."

Walimaliza chai wakaondoka.

Sasa nikuambie kwa nini sikucheka walipotoka. Kwa kazi hii nimesimama kwenye majivu ya nyumba za akina mama kama yeye, huku Kisii na kule Nyamira pia. Najua jinsi mambo yale yanavyoanza, na huanza hivi hivi, kwa kitu kidogo ambacho hakuna aliyekitafutia sababu. Ng'ombe ameacha kutoa maziwa. Mtoto ameamka na homa. Gunia limepata moto. Ofisini tuna neno tunalolitumia, "anayedaiwa", na kwa neno hilo mwandishi anaweza kumwita mama mzee chochote bila yeye mwenyewe kukisema. Mimi nimeliacha. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia habari yangu akitaka nilirudishe. Nikamwuliza, "Anayedaiwa na nani? Nipe jina la mdai, nimwandike yeye." Habari ilitoka bila neno hilo.

Kwa hiyo uliposema tuende kituoni na hadubini, nilikubali upesi. Na hapo tulikosea pamoja, na nataka uende na kosa hilo Eldoret, kwa sababu lina faida kuliko mengi niliyoyafanya sawasawa.

Uliazima hadubini kwa mwalimu wako wa zamani, ile yenye kioo cha chini cha kunasa mwanga wa jua. Uliiweka juu ya meza ya karani siku ya Jumanne. Ulichuna jani la nyanya yako, ukabandua ngozi nyembamba ya upande wa chini kwa wembe, ukaiweka kwenye kipande cha kioo na tone la maji. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikijivuna kimoyomoyo, na mwandishi anayejivuna huacha kuangalia.

Mzee Nyakundi alitaka kuwa wa kwanza, kwa cheo chake. Akainama.

"Naona nyasi," akasema. "Nyasi nyeusi."

"Hizo ni kope zako, Mzee," ukamwambia.

Foleni yote ilicheka, na kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele, "Mwenyekiti amejiona mwenyewe!" Kicheko kile kilitutokea puani. Mzee alisimama wima, akarekebisha kofia yake, na tangu dakika ile hakutaka tena kuona chochote.

Kisha akaja Kwamboka. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alikuwa ameona kweli. Aliona kile ulichotaka aone: matundu ya jani, kila tundu lina seli mbili zilizopinda pembeni mwake, kama midomo iliyofunguka kidogo. Alipoinua uso alikuwa amebadilika.

"Yana midomo," akasema.

"Ndiyo, mama," ukasema kwa furaha, "ni matundu ya kupumulia. Jani linapumua kupitia hapo."

"Majani yake yana midomo! Wooi! Mingi! Imefunguka!"

"Majani yote yanayo, mama. Hata yako."

"Yangu? Yangu hayana mdomo! Yangu nimechuna mimi!"

Na watu wakarudi nyuma.

Nimelifikiria jambo hilo sana. Ulichosema kilikuwa kweli. Alichoona kilikuwa kweli. Lakini mezani kulikuwa na jani moja tu, na lilikuwa la nyanya yako. Kama ungeweka jani la Kwamboka kwanza, akayaona matundu katika jani alilolichuna kwa mkono wake, kisha la Mzee Nyakundi, kisha la nyanya yako mwisho, pale pasingekuwa na habari. Kitu kimoja peke yake chini ya kioo ni maajabu. Weka cha pili kando yake ndipo mtu aanze kufikiri. Wewe ulijua hivyo, ulifundishwa shuleni. Mimi nilijua hivyo kwa miaka ya kazi. Sote wawili tulisahau kwa sababu tulikuwa na haki, na mwenye haki huwa na haraka.

Pia tulichukua chombo kisichofaa. Kilichowasumbua watu ni joto, na hadubini haionyeshi joto. Inaonyesha mlango ambao hewa hupitia, lakini haionyeshi kinachofanyika ndani ya nyumba. Hata ungewaonyesha seli zenyewe, zile sehemu ndogo zilizo ndani yake zinazotoa joto hilo, mitokondria, hadubini ya shule isingeweza kuzionyesha vizuri. Tuliwataka watu waamini wasichokiona kwa kuwaonyesha kitu kingine.

Mimi hadubini ilinidanganya nikiwa na umri mdogo kuliko wako. Nilikuwa kidato cha pili, shuleni kule Nyamira, na hadubini ilikuwa moja, ikifungiwa kabatini kama vikombe vya mashindano. Siku tulipofunguliwa kabati tulipanga foleni, kila mmoja akaangalia ngozi ya kitunguu kisha akaenda kuchora seli. Nilipofika nikaona kitu kizuri sana: duara kamili, ukingo mweusi mnene, katikati pasafi. Nikakichora. Mchoro wangu ulipendeza hata wenzangu wakaunakili. Mwalimu alipokusanya madaftari alitutazama kwa huzuni akasema, "Nusu ya darasa mmechora hewa." Kilikuwa kiputo. Seli zenyewe zilikuwa kando yake, zimebanana kama matofali, nyingine zimepinda, nyingine hazionekani vizuri mpaka uzungushe gurudumu la pembeni. Hakuna aliyezitaka kwa sababu hazikuwa na umbo la kupendeza.

Huenda hilo ndilo somo pekee la biolojia nililolitumia kila siku ya kazi. Habari ikinijia imekamilika, ya mviringo, ukingo wake mweusi na ndani pasafi, naanza kuzungusha gurudumu. Habari ya mama mzee aliyechoma majani ya wenzake bila moto ni ya mviringo kabisa. Haina hata pembe moja. Ya kweli ina pembe nyingi: kuna mvua ndani yake, na Sabato, na lori, na miguu ya Kwamboka, na ng'ombe mwenye njaa.

Ulinieleza usiku wa Jumapili ile, nami niliandika. Jani likishachunwa bado halijafa. Seli zake zinaendelea kuvunja sukari kwa kutumia hewa, na nishati inayotoka humo sehemu yake huwekwa kwa kazi za seli na sehemu nyingine hupotea kama joto. Jani likiwa kwenye mche, upepo huliondoa joto hilo na hakuna anayelijua. Likishindiliwa guniani na wenzake, joto halina pa kwenda. Jani likipata joto linapumua kwa kasi zaidi, na likipumua kwa kasi linatoa joto zaidi. Mwishowe seli zinapasuka, maji yake yaliyokuwa yametengwa yanachanganyika, na jani linakuwa jekundu. Ulisema kiwandani hufanya jambo hilo la mwisho kwa makusudi, kwa mashine na kwa kipimo, na ndilo linalofanya chai iwe chai. Kituoni lilifanyika bila mtu wa kulisimamia.

Sikukuamini kwa kuwa tu wewe ni mwanangu. Nilikwenda kiwandani Itumbe kumwuliza mtu ambaye kazi yake ni kuangalia ubora wa majani. Akaniambia mambo hayo hayo kwa maneno machache zaidi: "Mama, jani ni kama kuku. Ukiwajaza sana kwenye tenga watakufa kwa joto lao." Nikamwomba aje ayaseme kituoni. Akasema hana ruhusa ya kusema. Basi. Watu wenye kujua jambo na wasio na ruhusa ya kulisema ni wengi, utakutana nao huko uendako. Jifunze nao, lakini usiwasubiri.

Kuna kitu kingine ulichonieleza ambacho nimekaa nacho peke yangu. Ulisema mitokondria mtu huzipata kwa mamake tu. Zako ni zangu, zangu ni za mama yangu. Kwa hiyo nilihesabu. Nyanya yako alizaa mtoto mmoja tu, baba yako. Zake alimpa yeye, na baba yako hakuweza kukupa wewe. Ziliishia kwake, tukazizika naye. Katika kiini cha kila seli yako kuna sehemu ya huyu mama, hilo sikatai, lakini ule moto mdogo unaokuendesha haukutoka kwake. Na mimi hakuna chochote changu kilichotoka kwake. Nimeingia nyumba hii kwa miguu yangu.

Nakuandikia hivyo ili asije mtu akakuambia tunamtetea kwa sababu ni damu. Wakisema "mnafichana", waulize damu gani. Ninamtetea kwa sababu hakufanya walilosema. Hiyo inatosha. Angekuwa mama wa Kwamboka ningesimama pale pale.

Leo nilipotoka kituoni nilimkuta nyanya yako anachambua maharagwe. Nikamweleza alichosema Mwenyekiti.

"Niombe msamaha wa nini?"

"Wa majani yao, Mama."

"Niliyakanyaga mimi?"

"Hapana."

Akatupa maharagwe mabovu kwa kuku. "Mokamwana," akaniambia, yaani mke wa mwanangu, na huniita hivyo akiwa amekasirika ama amenikubali, sijawahi kujua ni lipi, "waambie nitakuja na gunia langu. Wasiponipimia nitalikalia. Nitakaa juu yake mpaka waone aibu ama mpaka liive."

Kisha nikamwambia kwamba wewe unataka kubaki. Hapo aliacha maharagwe.

"Aende," akasema. "Akikaa hapa watasema nimemfunga."

Kemunto, nimewahoji mawaziri na sijasikia sentensi iliyonyooka kama hiyo. Fikiria. Msichana wa kwanza wa ukoo huu kuitwa chuoni kusomea seli na hadubini, begi limefungwa, halafu haendi. Watu watauliza kwa nini, na jibu limeshaandaliwa. Utakuwa gunia la pili. Utakaa hapa ukimlinda, na kukaa kwako ndiko kutakuwa ushahidi dhidi yake. Kila siku utakayoamka nyumbani itahesabiwa kwake. Lakini ukipanda gari kesho mbele ya macho ya kila mtu, mchana kweupe, nyanya yako akikushikia begi, watapata kazi ya kueleza ni uchawi wa aina gani huo unaopeleka wajukuu chuo kikuu.

Kwa hiyo usitoke kimyakimya. Pita kituoni. Msalimie Kwamboka kwa heshima. Msalimie Mzee Nyakundi, umwite Mwenyekiti, na usiinamishe uso. Alikukataza kuonekana pale na kioo chako, na kesho utapita bila kioo. Hawezi kukukataza barabara.

Sasa nikuambie lililofuata, ambalo nimelificha hadi hapa kwa sababu ndilo ninalotaka ulilalie.

Mzee Nyakundi alipomaliza kurudia maneno yake, nilimwambia mbele ya foleni, "Mwenyekiti, msamaha hataomba. Lakini nipe majani yako mwenyewe, nusu tuyashindilie guniani, nusu tuyatandaze, tuone." Alikuwa anatafuta njia ya kukataa ambayo isingemfanya aonekane ameogopa. Na kabla hajaipata, Kwamboka akasema kutoka katikati ya foleni:

"Yachukuliwe yangu."

Kila mtu aligeuka.

"Yangu," akasema tena. "Nitachuna mimi. Nitakanyaga mimi. Gunia nitalifunga kwa kamba yangu na litakaa hapa kwa karani. Yale mengine nitayatandaza kwangu, sakafuni kwangu, na mlango nitafunga. Na yule mama asikanyage kwangu, hata kivuli chake!"

"Ndivyo tunavyotaka," nikamwambia.

"Mimi sikufanyii wewe, Mama Kemunto. Nafanya nione."

"Hilo pia ndilo tunalotaka."

Karani akacheka kidogo, kisha akaacha. Mwenyekiti akasema jambo hilo halijapitishwa na kamati. Kwamboka akamwuliza kama kamati ndiyo itakayomchunia majani. Hakujibu, nami nimechukua kimya chake kuwa ruhusa.

Unaona alichofanya? Amepanga jaribio zuri kuliko letu. Majani ni ya mtu mmoja, mkono ni mmoja, siku ni moja, na tofauti ni moja tu. Mshukiwa yuko mbali. Mwenye kulifanya anatamani litoke kinyume na tunavyosema, kwa hiyo hakuna atakayesema alitupendelea. Na kila kitu kitakuwa kimefungwa na kutandazwa kesho, Ijumaa, kabla jua halijatua, asiguse chochote siku ya Sabato, mimi pia nisiguse, sote twende kanisani tukaimbe nyimbo zile zile tukitazamana visogo.

Ulinionya zamani kidogo, tukizungumzia jambo kama hili, kwamba baridi ikiwa kali na gunia likiwa dogo joto huenda lisipande sana. Nimelikumbuka. Nikamwambia Kwamboka alishindilie kama siku ile, asipunguze. Akaniambia hahitaji kufundishwa kukanyaga gunia. Lisipopata moto tutarudia Ijumaa nyingine, na nyingine, mpaka mvua na majani na miguu yake vifanane na siku ile. Sina haraka tena. Na gunia lipate moto lisipate, nyanya yako hataomba msamaha. Hilo halipo kwenye jaribio.

Sijui Kwamboka atasema nini akishaona. Watu wengine huona kisha wakasema kioo kimelogwa. Lakini alisema "nione", na mtu aliyesema hivyo mbele ya foleni nzima amejifunga kwa maneno yake mwenyewe.

Ratiba ni hii. Kesho asubuhi utaondoka. Kesho alasiri Kwamboka atachuna na kufunga, karani akishuhudia. Jumapili, saa mbili asubuhi, kabla lori halijafika, atafungua gunia mwenyewe kwenye meza ya mizani na kuingiza mkono, na yale ya sakafuni yatakuwa kando yake. Mimi nitakuwa mbele, simu mkononi. Nyanya yako atakuwa mwisho wa foleni, amekalia gunia lake.

Weka simu yako karibu. Nitakupigia kutoka pale pale.

Mama yako